Shingo Upande

Baba hakuniachia wosia. Aliniachia Jawa
nyekundu ya mwaka sabini na nne
na banda la mbao nje kidogo ya Cēsis,
ambamo mwezi wa pili pumzi huganda kwenye ndevu,
nami sina ndevu.

Kaka yangu Ilgvars anataka iuzwe.
"Inatikisa kichwa," anasema, "kama mzee anayekataa uji."
Kweli. Ukifika kilomita sabini kwa saa usukani hutetema,
na ukishika breki ya mbele
kitu shingoni husema ko,
mara moja tu, kama mtu anayebisha hodi na kuondoka.

Nilidhani tairi. Nikabadili tairi.
Nilidhani upepo. Nilidhani mikono yangu.
Ndipo akaja Mirdza wa nyumba ya pili,
aliyekereza vyuma kiwandani hadi masikio yakachoka,
akasukumiza kreti ya bia chini ya injini
gurudumu la mbele likaning'inia.
"Usiiulize barabarani," akasema. "Iulize ikiwa imetulia."

Akachutama, akakamata miguu ya shokomzoba kwa chini,
akavuta, akasukuma, akavuta.
Nikaweka kidole pale shingo inapokutana na fremu,
nikahisi kulegea: unene wa unywele, si zaidi.
Kisha akanipa usukani. Polepole, vidole viwili.
Kushoto, laini.
Kulia, laini.
Katikati
ukanasa,
kama ulimi kwenye pengo la jino.

"Hapo," akasema Mirdza. "Hapo ndipo alipoishi baba yako."

Miaka ishirini na sita: nyumbani, kiwanda cha maziwa, nyumbani,
barabara moja iliyonyooka katikati ya misonobari,
gololi zimesimama palepale zikipigwa na kila shimo
mpaka zikajichimbia vitanda katika chuma.
Sasa pikipiki haijui kwenda ila mbele.
Nilimjua mtu wa namna hiyo.
Ukimwita mezani, alijibu akitazama dirisha.

Tukafungua. Nati kubwa ilikataa,
tukaipaka mafuta, ikalala nayo, asubuhi ikakubali.
Sikuwa nimetandika kitambaa.
Gololi zikamwagika sakafuni kama kunde,
nyingine zikakimbilia chini ya magunia ya viazi.
Nikahesabu thelathini na tisa. Mirdza akasema arobaini.
Tukaitafuta hiyo moja kwa tochi hadi chai ikapoa.
Zote zilikuwa za kutupwa,
lakini jaribu wewe kuacha kutafuta.

Grisi ya zamani ilikuwa nta, nyeusi kama mkate wetu.
Vibakuli vya beringi vikatoka kwa nyundo na fimbo ya chuma,
kidogo huku, kidogo kule, visipinde.
Nikavipitishia ukucha. Vishimo vikanihesabia
siku za kazi za baba.
Vipya nikavizika kwenye theluji mlangoni;
vikasinyaa kiasi cha kuingia bila matusi.

Kukaza ndiyo kazi yenyewe.
Ukizidisha, shingo inakakamaa
na pikipiki inayumba kama mlevi anayejisahihisha.
Ukipunguza, ile ko inarudi.
Kaza. Zungusha. Legeza robo. Sikiliza.
Mirdza alinizuia mkono mara tatu,
mara ya nne akanywa chai yake.

"Iachie," akasema.
Nikaugusa usukani kwa kidole kimoja.
Gurudumu likafikiri kidogo,
kisha likaangukia kushoto kwa uzito wake lenyewe,
taratibu, bila kunasa, mpaka likagota.
Shingo upande, tena kwa kupenda.

Jumapili Ilgvars akaleta mnunuzi kutoka Valmiera.
Mtu huyo akabana breki, akaisukuma mbele: kimya.
Akataja bei nzuri, nzuri kuliko nilivyotarajia.
Nikamwambia asubiri,
kuna gololi moja bado haijaonekana.